Dakika Moja ya Maji: Historia ya Kurutubisha Mayai ya Samaki kwa Mkono wa Binadamu

Urutubishaji wa mayai ya samaki wengi hufanyika nje ya mwili: jike huyamwaga mayai majini, dume humwaga shahawa juu yake, na muungano wa mbegu ya kiume na yai hutokea katika muda ambao, kwa samaki wengi wa maji yasiyo na chumvi, hauzidi dakika moja au mbili. Historia ya vituo vya kutotolesha vifaranga vya samaki husimuliwa mara nyingi kama historia ya mabwawa, mitambo na vyakula, lakini kiini chake ni jitihada za kuuelewa muda huo mfupi na mambo yanayoutangulia. Takriban kila hatua kubwa iliyoongeza idadi ya mayai yanayorutubishwa ilitokana na mtu aliyetambua jambo jipya kuhusu maji, kuhusu muda, au kuhusu uivaji wa yai lenyewe, na mara nyingi mtu huyo hakuwa na chombo chochote cha thamani zaidi ya bakuli na hadubini.

Wafugaji wa kale hawakuliona jambo hili kuwa tatizo lao. Huko China, ambako ufugaji wa karpi bwawani una umri wa zaidi ya miaka 2,000, samaki waliachwa watage wenyewe au vifaranga vilichotwa mitoni wakati wa mafuriko, na huko Ulaya watawa wa zama za kati waliwafuga karpi kwa ajili ya siku za kufunga kula nyama kwa njia hiyohiyo. Yapo masimulizi kwamba mtawa mmoja wa Ufaransa, Dom Pinchon, aliangua mayai ya trauti ndani ya sanduku la mbao katika karne ya 14 au ya 15, ila masimulizi hayo yalitangazwa karne kadhaa baadaye, na hata yakikubaliwa hayaoneshi kwa uhakika kwamba mtawa huyo aliwakamua samaki mayai na shahawa kwa mkono. Historia yenye ushahidi thabiti inaanza katika karne ya 18, kwenye mashamba ya Westfalia huko Ujerumani.

Mtu wa kwanza ambaye kazi yake inajulikana kwa maandishi ni Stephan Ludwig Jacobi, aliyeishi kati ya mwaka 1711 na 1784 na kuendesha majaribio yake karibu na Hohenhausen, katika himaya ndogo ya Lippe. Samaki wake alikuwa trauti, samaki wa vijito vya maji ya baridi kali anayetaga majira ya baridi, ambaye mayai yake ni makubwa kiasi cha punje ya dengu na huonekana vizuri kwa macho. Jacobi aliwatazama trauti wakitaga kijitoni, akatambua kwamba jike na dume hukaribiana na kuachia mayai na shahawa karibu kwa wakati mmoja, kisha akaamua kukifanya kitendo hicho mwenyewe. Alitia maji safi kidogo ndani ya chombo, akamshika jike na kumpapasa tumbo taratibu kuelekea mkiani hadi mayai yaliyoiva yakatoka bila nguvu, akafanya vivyo hivyo kwa dume hadi maji yakageuka rangi kama yaliyochanganywa na maziwa, akakoroga, na baadaye akayahamishia mayai katika sanduku refu la mbao lililokuwa na changarawe chini na wavu wa chuma pande zote mbili, ili maji ya chemchemi yapite bila kukoma na wanyama walao mayai wasiingie.

Habari za kazi hiyo zilichapishwa katika gazeti la Hanover miaka ya 1760, na mwanazuoni wa Ufaransa Duhamel du Monceau akaziingiza katika kitabu chake kikubwa cha uvuvi kilichotoka kuanzia mwaka 1769. Jacobi mwenyewe alitunukiwa pensheni na utawala wa Mfalme George wa Tatu, aliyetawala Uingereza na Hanover kwa pamoja. Hata hivyo njia yake ilikuwa na kasoro ambayo hakuwa na namna ya kuitambua, nayo ni yale maji safi aliyoyatangulizia ndani ya chombo. Kwa karibu miaka 100 baada yake, kila aliyejaribu kurutubisha mayai alianza kwa kujaza maji, kwa kuwa samaki ni kiumbe wa majini na hakuna aliyefikiri kwamba maji yanaweza kuwa adui wa mayai yake. Njia hii baadaye iliitwa njia ya maji, na matokeo yake yalikuwa ya kubahatisha: mara mayai mengi yalianguliwa, mara chungu nzima iligeuka nyeupe na kuoza, na aliyeifanya hakuweza kueleza tofauti ilitoka wapi.

Sababu ilikuwa imejificha katika maumbile ya yai na ya mbegu ya kiume. Yai la samaki wengi limefunikwa na ganda gumu lenye tundu moja tu, jembamba sana, ambalo wataalamu huliita mikropaili, na mbegu ya kiume haina njia nyingine ya kuingia isipokuwa hiyo. Yai linapogusana na maji huanza kuyafyonza, ganda huvimba na kukazana, na baada ya dakika chache tundu hilo haliruhusu tena mbegu kupita. Mbegu za kiume nazo, zikiwa bado ndani ya mwili wa dume, hutulia bila kuogelea, lakini zinapokutana na maji huamka papo hapo, huogelea kwa kasi kubwa, na huishiwa nguvu kabisa: zile za trauti huwa na muda unaofikia takriban nusu dakika tu. Anayemimina mayai majini na kwenda kumtafuta dume amekwisha kuupoteza muda wa yai, na anayemkamulia dume katika maji mengi ameyamwaga maisha ya mbegu hizo kabla hazijalifikia yai lolote.

Elimu hiyo haikuwapo wakati Lazzaro Spallanzani, mtaalamu wa Italia, alipothibitisha katika miaka ya 1770 na 1780, kwa kutumia vyura, kwamba yai haliwi kiumbe mpaka liguswe na shahawa yenyewe, wala haikuwapo wakati njia ya Jacobi ilipozaliwa upya katika milima ya Vosges mashariki mwa Ufaransa. Huko La Bresse, mvuvi aitwaye Joseph Remy, aliyeona trauti wakipungua mtoni mwaka hadi mwaka, alikesha ukingoni akiwatazama wakitaga, na mwanzoni mwa miaka ya 1840, akisaidiwa na Antoine Géhin aliyekuwa na nyumba ya wageni, akagundua upya kwa macho na mikono yake kile ambacho Jacobi alikwisha kukiandika. Wanazuoni wa Paris hawakuwa na habari naye hata mwaka 1848, mwanazuoni Quatrefages alipolikumbusha Baraza la Sayansi la Ufaransa kuhusu urutubishaji wa mkono. Ndipo kutoka Vosges yakaja majibu kwamba kazi hiyo ilikuwa ikifanyika tayari na mvuvi asiye na shahada. Ni haki kulitaja jina la Remy kwa heshima, kwa maana katika uwanja huu wavuvi wamewatangulia wasomi zaidi ya mara moja.

Serikali ya Ufaransa ilichangamka. Kwa ushawishi wa Victor Coste, profesa wa elimu ya viinitete, kituo cha Huningue kilijengwa karibu na mto Rhine kuanzia mwaka 1852, nacho kikawa kituo kikubwa cha kwanza cha serikali cha kuzalisha mayai ya samaki barani Ulaya. Mayai ya trauti na samoni yaliyofungashwa katika kuvumwani, yaani mimea laini inayoshika unyevu, yalisafirishwa kutoka huko hadi nchi nyingi, pamoja na maelekezo ya Coste yaliyosomwa kila mahali. Maelekezo hayo yaliendelea kuanza kwa chombo chenye maji.

Msomaji mmoja wa maelekezo hayo ya Kifaransa alikuwa Vladimir Vrasski, mwenye shamba katika kijiji cha Nikolskoye, mkoa wa Novgorod nchini Urusi. Katikati ya miaka ya 1850 alijenga nyumba ya kutotoleshea mayai, akafuata maelekezo kama yalivyoandikwa, na akapata hasara: sehemu kubwa ya mayai yake haikurutubishwa. Wengine waliokutana na hasara ya namna hiyo walilaumu maji, au samaki, au usafiri. Vrasski aliweka hadubini mezani na kuanza kuangalia mambo mawili kwa utaratibu, yaani yai likiwa ndani ya maji na shahawa ikiwa ndani ya maji. Aliona kwamba yai hufyonza maji, na kadiri linavyozidi kuyafyonza ndivyo linavyopoteza uwezo wa kurutubishwa. Aliona pia kwamba mbegu za kiume majini hutembea kwa muda mfupi mno kisha husimama, na hazitembei tena. Kisha akaangalia upande wa pili wa jambo hilo, ambao ndio uliobadilisha historia: mayai yaliyokamuliwa katika chombo kikavu, yakiwa na majimaji ya ovari peke yake, hukaa bila kuharibika kwa muda wa kutosha kufanya kazi kwa utulivu, na shahawa iliyohifadhiwa bila maji hubaki hai muda mrefu kuliko ile iliyokwisha kuguswa nayo.

Kutokana na hayo, mwaka 1856, Vrasski aligeuza mpangilio wote. Alimkamua jike katika bakuli kavu, akaiongeza shahawa juu ya mayai hayo yasiyo na maji, akachanganya, na maji yakaja mwisho kabisa. Mbegu zilipoamshwa na maji zilijikuta tayari zimelizunguka yai, na mikropaili ilikuwa bado wazi. Njia hiyo iliitwa njia kavu, na wengine waliiita njia ya Kirusi. Matokeo yake yalikuwa kwamba mayai karibu yote ya jike aliyeiva vizuri yalirutubishwa, jambo ambalo njia ya maji haikuwahi kulihakikisha. Gharama ya badiliko hilo ilikuwa kitambaa cha kumfutia samaki maji tumboni. Ni vigumu kupata mfano mwingine katika ufugaji ambapo uchunguzi wa mtu mmoja, bila kifaa kipya wala dawa, uliongeza mavuno kwa kiasi hicho.

Vrasski alifariki mwaka 1862 akiwa bado kijana wa miaka 30 na ushei, kabla hajaieneza kazi yake kwa maandishi yanayostahili, na kwa sababu hiyo ugunduzi wake ulikaa kimya nje ya Urusi kwa zaidi ya miaka 10. Wakati huohuo huko Marekani, Seth Green, aliyeanzisha kituo chake Caledonia katika jimbo la New York mwaka 1864, alikuwa ameanza kutumia maji kidogo kuliko Wafaransa kwa sababu ya kuona tu kwamba matokeo huwa mazuri zaidi, na aliificha mbinu hiyo kama siri ya biashara. Habari za njia ya Kirusi zilipovuka bahari, Charles Atkins aliitumia mwaka 1871 kwa samoni wa mto Penobscot, katika jimbo la Maine, na kutoka hapo ikawa desturi ya vituo vya Kamisheni ya Samaki ya Marekani, iliyoundwa mwaka huohuo chini ya Spencer Baird. Siri ya mtu mmoja na ukimya wa mwingine viliigharimu dunia miaka mingi ya mayai yaliyooza, na hilo ni jambo la kusikitisha katika sayansi inayohusu chakula cha watu.

Mayai yaliyorutubishwa vizuri yalikuwa na manufaa mengine ambayo yaliifikisha historia hii Afrika Mashariki. Yai la trauti linapofikia hatua ya macho, yaani madoa mawili meusi ya macho ya kiinitete yanapoonekana kupitia ganda, huwa gumu kiasi cha kustahimili safari ndefu. Mwaka 1864 meli iitwayo Norfolk ilitoka Uingereza mwezi Januari ikiwa na mayai ya samoni na trauti yaliyopangwa katika kuvumwani na barafu, ikafika Melbourne mwezi Aprili, na sehemu ya mayai hayo ikaanguliwa huko Tasmania. Kwa namna iliyofanana, mwaka 1905, mayai ya trauti kutoka Scotland yaliletwa Kenya kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, na vifaranga wake wakatiwa katika mto Gura kwenye safu ya Aberdare. Walengwa wa kazi hiyo walikuwa walowezi waliopenda kuvua kwa ndoano, si wanavijiji waliohitaji kitoweo, lakini ufundi wa kukamua na kuangua mayai uliingia nchini pamoja na samaki hao, na kituo cha trauti cha Kiganjo karibu na Nyeri kikawa mahali ambapo ufundi huo uliendelezwa.

Maelezo ya kisayansi ya kile alichokiona Vrasski yalichelewa sana. Mwaka 1938 Wajerumani wawili, Schlenk na Kahmann, walionesha kwamba mbegu za kiume za trauti hutulia ndani ya shahawa kwa sababu ya madini ya potasiamu yaliyomo humo, na kwamba maji huziamsha kwa kuyapunguza makali madini hayo. Baadaye ilibainika kwamba kwa karpi na samaki wengine kadhaa kinachoamsha mbegu ni kushuka kwa jumla ya chumvichumvi inayozizunguka. Elimu hiyo haikubaki maabara. Roland Billard na wenzake nchini Ufaransa, kuanzia miaka ya 1970, walitengeneza maji maalumu ya kurutubishia, yenye chumvi iliyopimwa, ambayo huiamsha mbegu na wakati huohuo huirefushia muda wa kuogelea. Kwa hiyo shahawa kidogo iliweza kutosha mayai mengi zaidi. Vilevile ilieleweka ni kwa nini mayai machache yaliyopasuka wakati wa kukamua huweza kuharibu bakuli zima: protini za kiini zinazomwagika huganda na kuziba mikropaili za mayai mazima, na dawa yake ni kuyasuuza mayai kwa maji ya chumvi kidogo kabla ya kuongeza shahawa. Mkojo wa samaki nao, ukidondokea shahawa, huziamsha mbegu kabla ya wakati, na ndiyo maana mkamuaji hodari hulitupa tone la kwanza.

Mafanikio yote hayo yalihusu samaki ambao huiva wenyewe wakiwa kifungoni. Trauti akifugwa katika maji yanayomfaa, mayai yake hukomaa na kuachiliwa ndani ya tumbo kwa majira yake, na kazi ya mfugaji ni kumkagua kila wiki na kumkamua kabla mayai hayajachakaa, kwani baada ya siku 10 hivi ubora wake huanza kushuka. Samaki wa nchi za joto wana tabia tofauti. Karpi wakubwa wa India na China, na kambare wa Afrika, hutaga mvua zinaponyesha na mito inapofurika hadi kwenye nyasi. Wakiwekwa bwawani hunenepa, matumbo yao hujaa mayai, lakini hatua ya mwisho ya kuiva haifiki. Bakuli kavu la Vrasski halikuwa na msaada wowote kwa samaki ambaye mayai yake hayatoki.

Ufunguo ulipatikana Amerika Kusini. Mwaka 1930 Bernardo Houssay wa Argentina, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, alieleza jinsi alivyowadunga samaki dondoo la tezi ya pituitari ya samaki wengine, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo inayotoa homoni za uzazi, na jinsi samaki hao walivyozaa kabla ya wakati. Rodolpho von Ihering na wenzake wa Brazil waliigeuza habari hiyo kuwa mbinu ya ufugaji katikati ya miaka ya 1930, na karibu wakati huohuo Nikolai Gerbilsky alikuwa akiifanyia kazi huko Urusi. Huko Odisha nchini India, tarehe 10 Julai 1957, Hiralal Chaudhuri na K. H. Alikunhi walifaulu kuwatagisha karpi wakubwa wa India kwa sindano hiyo, na India huiadhimisha tarehe hiyo hadi leo kama siku ya wafugaji wa samaki. Mwaka 1958 wataalamu wa China, wakiongozwa na Zhong Lin, walifanya hivyo kwa karpi wao. Kabla ya hapo mamilioni ya watu katika nchi hizo mbili walitegemea vifaranga vilivyochotwa mitoni vikiwa vimechanganyika na samaki wasiotakiwa. Baada ya hapo mfugaji aliweza kuchagua samaki na siku ya kutaga.

Karpi wa Ulaya alileta kikwazo cha aina yake, kwa kuwa mayai yake yana gundi inayoyanatisha kwenye majani ya majini. Ndani ya bakuli gundi hiyo hiyo huyafanya mayai yashikane kuwa donge, na yale ya katikati hukosa hewa na kufa hata kama yamerutubishwa. Elek Woynarovich wa Hungaria aliitatua shida hii kwa vitu vinavyopatikana kwa muuza mbolea na jikoni: maji yenye gramu 4 za chumvi na gramu 3 za urea kwa kila lita, ambayo huyaamsha mayai na mbegu na wakati huohuo huizuia gundi isishike, yakifuatiwa na maji yenye tanini, ile dawa ya kutengenezea ngozi, ili kuimaliza kabisa. Mayai yaliyokuwa donge yakaweza kuzungushwa mojamoja ndani ya chupa kubwa za kioo zenye maji yanayopanda kutoka chini. Mwongozo alioutunga pamoja na László Horváth, uliochapishwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 1980, ulisomwa katika vituo vingi vya nchi za joto.

Kwa kambare wa Afrika kazi kubwa ilifanyika miaka ya 1970 katika Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kamerun, na muhtasari wake ukatolewa katika mwongozo wa Viveen na wenzake wa mwaka 1985. Wakati huo samaki huyu alikuwa na majina kadhaa ya kisayansi: yule wa Ziwa Victoria aliitwa Clarias mossambicus na yule wa kaskazini Clarias lazera, mpaka Guy Teugels alipoonesha katika miaka ya 1980 kwamba wote ni Clarias gariepinus mmoja, na kwa hiyo yaliyogunduliwa huko Bangui, Afrika ya Kati, yangeweza kutumika Kisumu na Mwanza bila wasiwasi.

Utaratibu wa kumzalisha kambare huyu unaonesha jinsi hatua zote za historia hii zilivyokutana katika chumba kimoja. Jioni jike hudungwa sindano ya dondoo la pituitari, ambalo linaweza kutoka kwa kambare mwingine wa uzito unaolingana naye, kisha muhudumu hupima joto la maji na kuhesabu saa. Katika nyuzijoto 25 mayai huwa tayari baada ya saa 11 hivi, katika nyuzijoto 30 baada ya saa 7, na katika nyuzijoto 20 huhitaji karibu saa 21. Anayewahi hukuta mayai hayatoki ila kwa kulazimishwa, na anayechelewa hupata mayai yanayotiririka vizuri lakini yaliyokwisha kupoteza uwezo. Dume wa kambare hawezi kukamuliwa kwa mkono kutokana na umbile la viungo vyake vya uzazi, kwa hiyo huchinjwa, korodani zake hufutwa damu na maji, na hukatwa vipandevipande kwa wembe juu ya mayai yaliyo katika bakuli kavu. Maji huongezwa kiasi kinacholingana na mayai, muhudumu hukoroga kwa unyoya wa kuku kwa muda wa dakika moja, na mayai hutandazwa mara moja kwenye wavu wenye matundu madogo, tabaka moja tu, ndani ya maji yanayotembea. Siku inayofuata mayai hai huwa na rangi ya kijani ya kahawia, na yasiyorutubishwa huwa meupe na huanza kuota ukungu ambao huyavamia na mayai jirani.

Perege na sato hawaguswi sana na historia hii, kwa sababu hurutubisha wenyewe na jike huyatamia mayai mdomoni, na kinachohitajika zaidi kwao ni uwiano mzuri wa majike na madume. Ni kambare aliyevifanya vituo vya Afrika Mashariki vihitaji bakuli kavu. Kituo cha Sagana nchini Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1948, na kile cha Kajjansi nchini Uganda vilianza kwa ajili ya perege hasa, lakini mahitaji ya kambare yalikua kutokana na wafugaji wa mabwawa na pia wavuvi wa sangara wa Ziwa Victoria, ambao hutumia vifaranga vya kambare kama chambo cha ndoano zao na ambao zamani walivitoa kwenye matete ya kando ya ziwa. Serikali ya Kenya ilipoanzisha mwaka 2009 mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140, ilidhihirika upesi kwamba kuchimba shimo ni rahisi kuliko kupata vifaranga vya kulijaza, na watu wengi walifungua vituo vya kutotoleshea bila mafunzo ya kutosha.

Makosa yanayoonekana katika vituo vya namna hiyo ni yaleyale ya karne mbili zilizopita: mkono uliolowa juu ya bakuli, saa zilizokisiwa bila kipimajoto, jike aliyelazimishwa kabla hajaiva, dume mmoja aliyetumika kwa majike wote bila kujulikana kama shahawa yake ni hai. Kasoro kubwa kuliko zote ni kutopima. Mwenye kituo hutaja idadi ya vifaranga alivyouza, lakini hawezi kusema ni mayai mangapi kati ya kila 100 yalirutubishwa, kwa hiyo hawezi kujua kama hasara yake ilitokea ndani ya bakuli, kwenye wavu au katika tangi la kulelea. Kipimo chenyewe ni rahisi: huchukuliwa mayai 100 kutoka kwa kila jike saa chache baada ya kurutubishwa, hutazamwa kwa kioo cha kukuzia kama yameanza kugawanyika seli, na hesabu huandikwa daftarini pamoja na joto la maji, saa ya sindano na namba ya dume. Idara za uvuvi za Tanzania, Kenya na Uganda hazipaswi kutoa kibali cha kuuza vifaranga kwa kituo ambacho hakina daftari hilo, na mfugaji anayekwenda kununua vifaranga ana haki ya kuomba alisome kabla hajatoa fedha yake.